Mita Moja na Vyungu Vitatu

Nianze na hesabu, maana nilifundisha hesabu shule za msingi miaka thelathini na moja na ugonjwa huo hauponi kwa kustaafu. Katika mji wetu hapa Liuli kuna nyumba tatu. Ya kwanza ni yangu mimi na mama watoto. Ya pili ni ya shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu. Ya tatu ni ya mwanawe mkubwa, kijana aliyeoa juzijuzi, ambaye ana friza la kugandishia barafu anayowauzia wachuuzi wa samaki. Vyungu vitatu, mafiga tisa, na madeni matatu tofauti dukani. Lakini mita ya umeme ni moja, nayo imepigiliwa ukutani kwangu.

Mwezi uliopita niliketi na daftari. Nyumba yangu ilitumia uniti 32, ya shemeji 24, ya kijana 55. Jumla 111. Sasa tazama, msomaji. Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huwekwa katika kundi liitwalo D1, naye hulipa shilingi 100 kwa uniti. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya mdhibiti, zinakuwa shilingi 122. Akizidi 75, kila uniti ya ziada ni shilingi 350 kabla ya makato hayo, yaani 427. Na akizoea kuzidi, huondolewa katika kundi hilo akapelekwa T1, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza kabisa, ni shilingi 292 kabla ya makato, yaani 356 na senti 24. Kama kila chungu kingekuwa na mita yake, sote watatu tungekuwa D1 bila ubishi, na mwezi ule tungelipa kwa pamoja shilingi 13,542. Kwa kuwa tuko katika mita moja, tuko T1, na tumelipa 39,542. Tofauti ni shilingi 26,000 kamili.

Mchukue shemeji peke yake. Ana taa nne, televisheni ndogo na pasi ya Jumamosi jioni. Kwa haki angelipa shilingi 2,928. Amelipa karibu 8,550. Huyu ni mama anayekaanga maandazi alfajiri. Sheria inayosema kwamba umeme wa wanyonge uwe na bei ya wanyonge ilimlenga yeye hasa, ikamkosa kwa hatua ishirini, ambazo ndizo zilizopo kati ya mlango wake na mita yangu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na fundi wala karani. Hao wanafanya walivyoagizwa. Ugomvi wangu ni na kanuni, na zaidi ya kanuni, ni na wale watu wenye elimu zao ambao nikiwaeleza jambo hili hunijibu kwa wepesi kana kwamba nimewauliza saa.

Lakini kwanza nieleze tulivyofika hapa. Habari huchelewa kufika Liuli, hiyo ni desturi ya zamani. Wajerumani walipaita hapa Sphinxhafen, kwa ajili ya mwamba wao waliouona unafanana na sanamu la Misri, na Agosti 1914 meli yao Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa hapa nchi kavu ikitengenezwa wakati Waingereza walipokuja na Gwendolen yao kuipiga. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba kuna vita. Basi na umeme nao ukachelewa vivyo hivyo. Songea yenyewe iliishi kwa mitambo ya dizeli miaka na miaka, mpaka mwaka 2018 ilipowashwa laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Baada ya hapo ndipo nguzo zikaanza kutelemka kidogo kidogo kutoka Umatengo kuja huku ziwani. Kabla ya hapo mwenye nacho alikuwa na jenereta, na wengine wote tulikuwa na koroboi. Karabai ilikuwa ya wavuvi wa usipa.

Katikati ya koroboi na nguzo palipita watu wa sola. Kampuni moja, jina silitaji, ilinikopesha paneli, betri, taa tano na redio, nilipe kidogo kidogo kwa simu kwa muda wa miaka mitatu. Kila nikilipa natumiwa namba za kubonyeza, taa zinawaka. Nilifurahi sana, na sisemi uongo, watoto walisoma. Lakini mwezi ambao mama watoto alilazwa nikachelewesha malipo siku nne, taa zikazimika, na ndugu waliokuja kumjulia hali wakakaa gizani huku paneli juu ya bati imelichota jua kutwa nzima. Jua la Mungu lilikuwa limefungiwa kwa namba za siri! Nguzo zilipofika nikataka kuachana nao, nikaambiwa nimalize deni lote kwa mkupuo ndipo kifungo kifunguliwe, la sivyo kifaa kikae kama jiwe. Nilimaliza. Niliuza mbuzi wawili. Huo ndio uzoefu wangu wa kwanza wa kumhama muuza umeme, na tangu hapo nikiambiwa kuhama ni rahisi namtazama mtu usoni.

Wakati mkandarasi wa umeme vijijini alipopita kwetu, ada ya kuunganishwa ilikuwa shilingi 27,000. Hiyo siilalamikii, ni bei ya heshima. Tatizo ni kwamba ada si gharama. Gharama ni nyaya ndani ya nyumba, swichi, soketi, mabomba, fundi anayetambulika na mchoro wake. Mimi nilikuwa na kiinua mgongo, nikaweza. Mdogo wangu alikuwa kitandani, na mwezi ule ule tukamzika. Nyumba yake ilikuwa ya udongo, haijawekewa hata waya mmoja. Serikali ilikuwa na dawa kwa nyumba kama hiyo, kile kifaa kiitwacho UMETA, Umeme Tayari, ambacho huondoa haja ya kutandaza nyaya katika nyumba ya chumba kimoja au viwili. Sisi tulikuja kuelezwa habari zake baada ya arobaini. Mkandarasi hangojei matanga. Alikuwa ameshahamia kijiji kingine.

Ningefanyaje? Niwashe taa kwangu, na watoto wa mdogo wangu wasomee koroboi hatua ishirini kutoka barazani pangu? Nilivuta waya. Kijana alipojenga chake nikavuta wa pili. Nikamwagiza dereva wa basi mita mbili ndogo za kuhesabia kutoka Songea, zile zinazouzwa dukani, nikazifunga kila nyumba na yake, ili kila mtu aone alichotumia. Mimi siuzi umeme. Tunachanga. Na kwa kuchanga huko tukageuka, machoni pa kanuni, kuwa mtu mmoja tajiri mwenye matumizi makubwa.

Sasa niwarudie wale wajibu wepesi. Wa kwanza husema, kila nyumba iombe mita yake, mambo yaishe. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo tunalolikimbilia. Bati la shemeji limeshapatikana, nyaya bado. Lakini mwenye kulitoa hajajiuliza mambo mawili. Kwanza, huyu mama atazipata wapi fedha za nyaya ikiwa kila mwezi anakatwa zaidi ya shilingi 5,000 kwa kosa la kutokuwa na nyaya? Anaadhibiwa kwa umaskini wake, na adhabu yenyewe inamzuia kutoka katika umaskini. Pili, mji wa Kiafrika haumaliziki. Leo nyumba tatu, kesho kijana wa pili anaoa, keshokutwa bibi anazeeka anajengewa kibanda karibu na mwanawe ili aangaliwe. Je, kila kibanda kinapoinuka tungoje mita, na mpaka ifike bibi akae gizani ili mjukuu asitoke D1? Pita pwani yote hii ya ziwa, uhesabu waya zinazotoka dirisha hili kuingia dirisha lile. Hizo waya ndizo undugu wetu, ingawa fundi akiziona hutikisa kichwa, na kwa usalama ana haki ya kutikisa. Nyingine ni nyembamba mno, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

Wa pili ni rafiki yangu wa Mbinga, msomi, mtu wa magazeti. Yeye husema, tatizo lenu ni ukiritimba. Mngekuwa na kampuni mbili tatu zinazogombea wateja, ungeihama hii ukaenda ile inayokutambua. Hili nalijibu kwa kirefu kidogo, maana linapendwa na wengi.

Kuhama kumeshasemwa sana katika nchi hii. Mwaka 1997 TANESCO iliwekwa katika orodha ya mashirika ya kubinafsishwa. Mwaka 2002 ikaletwa kampuni ya Afrika Kusini kuiendesha, ikaondoka mwaka 2006. Shirika lenyewe lilikuwa limeshatolewa katika orodha mwaka 2005. Mwaka 2014 Serikali ikatoa mwongozo wa mageuzi uliotaka uzalishaji utenganishwe na usambazaji, na hatimaye kuwe na kampuni kadhaa za kusambaza ifikapo mwaka 2025. Mwaka 2025 ulifika na ukapita, na mita yangu haikuona tofauti. Wenzetu Waganda waliikodisha kazi ya usambazaji kwa Umeme tangu mwaka 2005. Mkataba ukaisha tarehe 31 Machi 2025, na siku ya pili wateja wakaamka wako mikononi mwa shirika la serikali, UEDCL. Nchi nzima ilihama usiku mmoja! Je, yupo aliyeulizwa ana vyungu vingapi nyuma ya mita yake?

Na kule ambako kuhama ni haki ya kila mtu? Binti yangu ni muuguzi Uingereza. Huko, tangu mwaka 1998 na 1999, kila mwenye nyumba anaweza kuchagua muuza umeme, waya ni zile zile ila ankara inatoka kwingine. Nilidhani ni peponi. Lakini nyumba aliyopanga ilikuwa na mita ya namna yake, yenye hesabu mbili, moja ya mchana na moja ya usiku ambapo bei hushuka, na mashine za kupasha joto zilikuwa zikiwashwa kwa ishara ya redio iliyopita katika masafa marefu ya BBC. Mitambo hiyo ya ishara ilikuwa imezeeka, na ilipangwa ianze kuzimwa tarehe 30 Juni 2025. Alipotaka kuhama, wauzaji wale wa bei nafuu kila mmoja alimuuliza ana mita gani, na alipoitaja sauti zikabadilika. Huyu alisema hachukui mita hizo, yule akasema atachukua lakini atalipisha bei moja mchana na usiku. Uchaguzi wote ule ulikuwa wa watu wenye mita ya kawaida. Mwenye mita ya ajabu alibaki alipo, kama sisi. Na mwaka 2021 gesi ilipopanda bei, wauzaji zaidi ya 20 wa nchi hiyo walifilisika, wateja wao wakagawiwa kwa wengine kama mayatima.

Kwa hiyo namwambia rafiki yangu wa Mbinga kwamba ametambua ugonjwa si wangu. Nikiletewa wauzaji kumi Liuli, wote kumi watakuja na swali lile lile, mita ngapi, na hakuna atakayeuliza watu wangapi. Afadhali muuzaji mmoja anayejua kuhesabu kuliko kumi wasiojua. Wala simtetei huyo mmoja, natetea hesabu.

Wa tatu ndiye anayeniudhi. Huyu husema, shukuruni, mlikuwa na koroboi, leo mna umeme bado mnalalamika. Naam, tunashukuru. Lakini hebu nimweleze nilichokiona Dar es Salaam nilipokwenda kwenye harusi. Nilifikia kwa mtu mwenye uwezo, nyumba ya vyumba vingi, ukuta na geti. Nyuma, karibu na tangi la maji, niliona mita tatu zimepangwa kama picha za watawala. Nikauliza kama kuna wapangaji. Akacheka. Moja ni ya viyoyozi, moja ya jiko na friji, moja ya taa na pampu. Kila mwezi anazichunga zote zisizidi 75. Chungu kimoja, mita tatu! Bwana huyo, kwa kanuni, ni wanyonge watatu. Sisi wa Liuli, vyungu vitatu kwa mita moja, ni tajiri mmoja. Ikiwa ruzuku ya taifa inatoka mfukoni mwa wote, basi shemeji yangu, kwa kila uniti ya T1 anayoinunua kwa jasho la maandazi, anamsaidia yule bwana kupoza chumba chake cha kulala. Nani kati yetu ndiye anayepaswa kushukuru?

Na mita imeanza kubebeshwa mengine. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo katika LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda 1,500 Julai 2023, na mijini wapangaji walijikuta wanalipa kodi ya nyumba zisizo zao kwa sababu tu wao ndio wanaonunua umeme. Wakaambiwa wakadaiane na wenye nyumba. Ni kosa lile lile. Aliyeshika mita anahesabiwa kuwa ndiye mwenye nyumba, ndiye mji, ndiye familia. Kifaa cha kuhesabia mkondo wa umeme kimefanywa karani wa sensa, nacho hakina macho.

Najua nitaambiwa kwamba nikitaka mita ya mji mmoja ihesabiwe kaya tatu, wajanja wataleta kaya za uongo. Wataleta, sikatai. Lakini wajanja wameshapita kwa mlango mwingine, nimewaeleza, wana mita tatu nyuma ya tangi. Kijijini uongo wa namna hiyo ni mgumu kuliko mjini. Mwenyekiti wa kitongoji anajua moshi unatoka mapaa mangapi katika mji wangu, anajua nani amefiwa na nani ameoa, na anajua hata nani hajamaliza mchango wa ujenzi wa darasa. Barua yake na muhuri wa mtendaji wa kijiji vinatosha kumpeleka mtu mahakamani, kumdhamini, hata kumwombea mkopo. Vishindweje kusema kwamba nyuma ya mita hii wamo watu wa kaya tatu? Kiwango kiwe 75 mara tatu. Ni kuzidisha kwa darasa la tatu. Na siku kila nyumba itakapopata mita yake, barua ifutwe.

Wala wasiniambie umeme hautoshi. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, na wa kwanza uliwashwa Februari 2024. Nchi iliyoweza kuuzuia mto Rufiji haishindwi kuhesabu vyungu vitatu Liuli.

Fedha, hata hivyo, si jambo baya kuliko yote, na hapa ndipo hasa nilipopata hasira ya kuandika. Mita moja imetuletea macho. Zamani, umeme wa LUKU ukiisha usiku, aliyekuwa na salio katika simu alinunua, tukacheka asubuhi. Tulipohamishiwa T1 uniti zikawa zinayeyuka, na kila mtu akaanza kutazama taa ya mwenzake. Mke wa kijana alisema, si kwa ubaya, kwamba televisheni ya mama inakesha. Mama watoto akasema friza ndilo linalotumaliza. Kijana akanijia jioni, akakaa chini kwenye jamvi, akaniambia, "Baba mkubwa, kama friza ni tatizo nitaliuza." Friza hilo ndilo linalomlisha mke wake mjamzito. Nilimfungulia daftari nikamwonyesha mita yake ndogo, kwamba analipa alichotumia hadi senti ya mwisho, hamwibii mtu. Akaitikia, lakini niliona hakuamini kwamba wengine wanaamini.

Wiki mbili baadaye, nikitoka nje usiku, niliona dirisha la shemeji lina mwanga mwekundu, mdogo, unaotikisika. Nilidhani kuna moto. Nikabisha hodi. Watoto walikuwa wameizunguka koroboi, daftari magotini, na taa juu yao imezimwa.

"Shemeji, umeme umekatika kwako?"

"Haujakatika, shemeji. Nilisema tupumzishe kidogo, isije ikawa sisi ndio tunaowapandishia."

Mimi niliyevuta waya ule ili wasisomee koroboi, nilisimama pale mlangoni nikakosa la kusema. Niliiwasha taa mwenyewe. Kesho yake ilizimwa tena.

Basi nimeandika barua kwa baraza la watumiaji wa huduma za nishati na maji, kurasa mbili, pamoja na hesabu zote mlizozisoma hapa na nafasi ya muhuri wa mtendaji, ambaye amesafiri kwenda Mbamba Bay na anatazamiwa Alhamisi. Niliisoma barazani mbele ya wote kabla ya kuifunga. Kijana aliomba nisiliite friza "friza la biashara", niseme friza tu. Nililibadilisha. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama katika barua nimeandika kwamba yeye hulipa kwa wakati. Nilikuwa sijaandika. Nimeongeza mstari pembeni, kwa kalamu ya mkono.